Mrejesho: gari kung'ang'ania gia ndogo kwenye Sport

Wakuu, niliuliza kwa nini gari langu la otomatiki likiwa Sport (modi ya uendeshaji wa kimichezo) linang'ang'ania gia ndogo hata nikitembea taratibu. Giaboksi ni nzima kabisa. Sport huchelewesha kupanda gia makusudi ili injini ibaki kwenye mizunguko yenye nguvu, na pedali ya mafuta inaitikia haraka zaidi.

Sasa nimejipangia modi yangu: injini Sport, giaboksi kawaida, shokapu laini. Raha tupu! Nikitaka kuovateki, navuta mara mbili kibapa cha kushoto nyuma ya usukani, kile cha kushusha gia. Gia zinashuka, mshale wa mizunguko ya injini unaruka kutoka 2,000 hadi karibu 3,000 kwa dakika, gari linachomoka.

Track, modi ya uwanja wa mashindano, sijaigusa. Kwa magari mengi inalegeza udhibiti wa kuteleza, sasa barabarani ya nini?