Kesi ya Oscar Pistorius: kosa la sheria au kosa la kupima ushahidi?

Msikilizaji wa Kesi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Nimekuwa nikirejea mwenendo wa kesi ya Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini mwenye miguu ya bandia aliyemuua kwa risasi mpenzi wake Reeva Steenkamp nyumbani kwake, na kuna jambo linanitatiza. Septemba 2014 Jaji Thokozile Masipa, akiketi Pretoria pamoja na wazee wa baraza wawili, alimwondolea mshtakiwa kosa la kuua kwa kukusudia, akamtia hatiani kwa kosa dogo la kuua bila kukusudia, na mwezi uliofuata akampa kifungo cha miaka 5. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Bloemfontein ikalitengua hilo na kuweka mahali pake kosa la kuua kwa kukusudia.

Ninavyofahamu, upande wa mashtaka nchini Afrika Kusini hauwezi kukata rufaa kwa sababu tu haukuridhika na namna jaji alivyoupima ushahidi. Ni lazima uoneshe kosa la kisheria. Je, kile ambacho mshtakiwa alikijua au hakukijua usiku wa kuamkia 14 Februari 2013, alipofyatua risasi 4 kwenye mlango wa choo, si suala la ushahidi mtupu? Majaji wa rufaa, ambao hawakumwona shahidi hata mmoja akiwa kizimbani, walipitia wapi? Naomba pia maoni yenu kuhusu mkakati wa utetezi, kwa kuwa Wakili Barry Roux aliwabana mashahidi wa polisi kwelikweli, na bado mteja wake akaishia kuwa muuaji mbele ya sheria.

Wakili wa Rufaa amejibu:

Ndugu muulizaji, mashaka yako yana msingi, na Roux mwenyewe aliegemea hoja hiyo hiyo alipopinga rufaa: kwamba upande wa mashtaka ulikuwa unayavalisha masuala ya ushahidi joho la sheria. Lakini ukisoma hukumu ya Masipa taratibu utaona mahali ambapo ushahidi unaishia na sheria inaanzia.

Jaji alikubali kwamba huenda ni kweli mshtakiwa alidhani Reeva Steenkamp yuko kitandani. Huo ni ushahidi, na Mahakama ya Rufaa haikuugusa. Baada ya hapo jaji alijiuliza kama mshtakiwa aliona uwezekano wa kumuua Reeva, akajijibu kwamba hapana, maana alimdhania yuko chumbani, na kwa jibu hilo akaifuta nia ya kuua. Kasoro iko katika swali lenyewe. Nia ambayo wanasheria wa huko huiita kwa Kilatini *dolus eventualis* haihitaji muuaji amjue anayemuua. Inatosha kwamba alitambua kuwa kitendo chake kinaweza kuua mtu, akakubaliana na hatari hiyo na kuendelea. Kwa hiyo ilipaswa kuulizwa kama mshtakiwa alitambua kwamba yeyote aliye nyuma ya mlango ule, mwizi au mpenzi, angeweza kufa. Jaji Eric Leach, aliyeandika hukumu kwa niaba ya jopo la majaji watano, alitoa mfano wa mtu anayelipua bomu penye watu wengi: hawajui majina wala sura zao, lakini hawezi kusema hakukusudia kuwaua. Kuuliza swali lisilo la sheria ni kosa la sheria, hata kama ushahidi wote ulipimwa kwa mizani sahihi.

Kulikuwa na kosa la pili, ambalo mimi naliona zito kuliko watu wanavyolichukulia. Mtaalamu wa silaha wa polisi, Kapteni Chris Mangena, alieleza mwelekeo wa risasi na ukubwa wa kile choo, kijichumba ambacho mtu akiwa ndani yake hana pa kukwepea. Ushahidi huo haukupewa nafasi katika kupima kama mshtakiwa alitambua hatari. Jaji ana uhuru wa kuuamini au kutouamini ushahidi, lakini hana uhuru wa kuuacha nje ya hesabu. Ukishaacha ushahidi wenye uzito, umekiuka kanuni ya kisheria inayokutaka uupime wote kwa pamoja.

Karani Mstaafu amejibu:

Naungana na Wakili kuhusu rufaa, ila kuhusu mkakati nadhani kesi ilianza kuharibika mapema sana, hata kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa.

Tuanze na maombi ya dhamana ya Februari 2013. Utetezi uliwasilisha kiapo cha maandishi kinachosimulia usiku ule hatua kwa hatua. Kwa wakati ule kilizaa matunda, kwani mshtakiwa alipata dhamana ndani ya siku chache, tena mpelelezi mkuu wa awali akajikanyaga vibaya alipohojiwa na Roux, na baadaye akaondolewa kwenye upelelezi. Lakini kiapo hakifutiki. Mwaka uliofuata mwendesha mashtaka Gerrie Nel alikishika mkononi, na kila mshtakiwa alipoongeza au kupunguza neno, iwe ni habari ya feni au ya roshani, aliulizwa kwa nini hakulisema wakati kumbukumbu ilikuwa bado mbichi. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika mienendo, na nimeona dhamana nyingi zikinunuliwa kwa bei ya namna hiyo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba utetezi ulisimama kwenye mashua mbili. Mara mshtakiwa alisema alifyatua kwa sababu aliamini anavamiwa, utetezi ambao kwa lugha yetu tungeuita kujihami kwa kudhani. Mara alisema hakukusudia kumpiga yeyote, bali alishtuka na risasi zikatoka kabla hajafikiri. Hoja hizi mbili hazikai chungu kimoja. Anayejihami amekusudia kupiga, naye anaomba sheria imsamehe kwa sababu ya hofu yake. Ambaye risasi zimemtoka bila kufikiri hana nia yoyote ya kuombea msamaha. Nel alitumia siku tano za kudodosa akimrudisha mshtakiwa kwenye njia panda hiyo, achague moja, naye hakuchagua. Hata Masipa, aliyemhurumia kwenye hukumu, aliandika kwamba alikuwa shahidi mbaya sana.

Upande wa mashtaka nao ulikuwa na udhaifu wake, tusiupake mafuta. Ulijenga kesi juu ya majirani waliosema walisikia kilio cha mwanamke, lakini kumbukumbu za simu za usiku ule zilionesha kwamba mishindo mingine iliyosikika ilikuwa ya gongo la kriketi, ambalo mshtakiwa alilitumia kuvunja mlango wa choo baada ya kufyatua risasi. Mlango wenyewe ulisimamishwa ndani ya chumba cha mahakama, na mtaalamu wa polisi akapiga magoti mbele yake, gongo mkononi, akijaribu kuonesha kwamba aliyeupiga hakuwa amevaa miguu ya bandia. Roux alimgeuza huku na huko mpaka maelezo yakalegea. Ndiyo maana hoja ya mauaji yaliyopangwa haikusimama mahakama yoyote.

Msikilizaji wa Kesi:

Nawashukuru nyote. Kama kizimba ndicho kilichomponza, kwa nini Roux hakumwacha akae kimya? Si haki yake?

Wakili wa Rufaa:

Ni haki yake, lakini haikuwa na manufaa kwake. Kujihami kwa kudhani kunasimama juu ya kilichokuwa kichwani mwa mshtakiwa. Penye tukio walikuwa watu wawili tu, mmoja amekufa. Hakuna shahidi mwingine ambaye angeweza kuieleza hofu ile.

Utetezi ulijaribu kuitegemeza hofu hiyo kwa kumleta daktari wa magonjwa ya akili, aliyesema mshtakiwa ana tatizo la wasiwasi uliopitiliza. Nel, badala ya kumpinga daktari, aliomba mahakama impeleke mshtakiwa akachunguzwe akili, kwa hoja kwamba kama tatizo hilo linagusa uwajibikaji wake, basi sheria inataka uchunguzi. Roux alipinga maombi hayo, maana hakuleta utetezi wa kichaa, lakini jaji alikubali. Mshtakiwa akahudhuria hospitali ya Weskoppies kwa siku 30, na jopo la wataalamu likarudi na jibu kwamba hakuwa na ugonjwa wa akili wa kumwondolea hatia. Katika kesi nzima, hiyo ndiyo hatua ninayoihusudu zaidi: shahidi wa utetezi aliufungulia upande wa mashtaka mlango ambao wenyewe usingeweza kuufungua.

Karani Mstaafu:

Niongeze la adhabu, kwa sababu mkakati uliendelea huko pia. Juni 2016, kosa likiwa tayari limegeuka kuwa la kuua kwa kukusudia, Roux alimwomba mteja wake avue miguu ya bandia na kutembea kwa vigutu mbele ya jaji, akijishikilia kwenye meza, ili mahakama ione mtu aliyekuwa nyuma ya bastola saa 9 usiku. Kanuni ya adhabu kwa kosa hilo ni miaka 15 isipokuwa kuwe na sababu za kipekee; Masipa aliziona sababu hizo, akatoa miaka 6. Nel na wenzake wakakata rufaa tena, na Novemba 2017 Bloemfontein ikarudi kwenye ile 15, ikatoa muda aliokwishautumikia, ikabaki miaka 13 na miezi 5.