Naomba ushauri: tusaini mkataba wa hali bora bila kifungu cha makato?

Habari za kazi, wakuu. Mimi ni dereva wa kampuni moja ya kusambaza vifurushi hapa Dar, na ni mjumbe wa tawi letu la chama cha wafanyakazi. Tuko mezani na mwajiri tangu Februari kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi.

Kwenye mshahara tumeshasogeleana. Tulipokwama ni makato. Kifurushi kikipotea, dereva anakatwa mwisho wa mwezi bila barua wala kuulizwa. Mwenzangu alikatwa bei ya simu iliyotoka bohari ndani ya boksi lililofungwa. Hata kuiona hakuiona! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Menejimenti wanasema kwa kuwa limo kwenye sheria, halina haja ya kuwekwa mkatabani. Sasa kama wanaliheshimu, wanaogopa nini kuliandika?

Wenzangu wamechoka. Wanataka tusaini tupate nyongeza, hili tulidai mwakani. Nawaelewa, wengi wana ada za watoto. Ila naumia sana.

Mliowahi kujadiliana na mwajiri, tusaini au tupeleke mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi)? Tukienda huko, nyongeza waliyokwisha kuikubali wanaweza kuiondoa? Na kama mkataba wenu una kifungu cha namna hii, naomba mniwekee maneno yake. Kikao kijacho ni Alhamisi.