Mvua Sichuan: nipande Emei au niende Leshan?

Mtanga: Wadau, nipo Chengdu, China, zimebaki siku mbili nirudi nyumbani na utabiri ni mvua tupu. Ndoto yangu ni Mlima Emei hadi kileleni, Jinding, mita 3,079, pale penye sanamu ya mita 48 ya Puxian, mtakatifu wa Kibudha anayepanda tembo. Au nimwone Buddha wa Leshan, ile sanamu kubwa iliyochongwa kwenye mwamba kando ya mto?

Bi Mkubwa: Leshan, mwanangu. Mtawa Haitong alianza kuichonga mwaka 713 ili kutuliza mito mitatu inayokutana pale, ilikuwa ikizamisha mashua. Kazi ikaisha 803. Sanamu ya mita 71 ukungu hauimezi yote. Ukiwa usawa wa kichwa, tazama vile vifundo vya nywele: kuna mifereji imefichwa humo, inapitisha maji yasile mwamba. Ila ulizia asubuhi kabla hujatoka. Mvua ikizidi, boti hazitoki na ngazi za kushukia miguuni hufungwa. Agosti 2020 mafuriko yalifika hadi kwenye vidole vya miguu.

Msafiri_Nakuru: Mimi bado nasema Emei. Pale chini, Baoguo, tulinyeshewa. Basi likatufikisha kituo cha juu, Leidongping, ukungu mweupe kila upande. Tulipotoka kwenye gari la nyaya, mawingu yalikuwa chini yetu kama bahari na jua linawaka. Nililia, sifichi.

Daktari mtarajiwa: Mwenzangu alibahatika. Mimi nilisimama hatua kumi tu mbele ya sanamu hiyo ya kileleni nisione hata mkonga wa tembo. Nimelowa, natetemeka, na tiketi nimeshalipa. Mtanga, panda nusu tu, uishie hekalu la Wannian. Puxian wa pale ni wa shaba, kaketi juu ya ndovu mwenye pembe sita, ametengenezwa mwaka 980, tani 62, ndani ya ukumbi wa matofali usio na boriti hata moja. Mvua ikinyesha nje, ndani umetulia unamwangalia jicho kwa jicho yule ndovu. Njiani usishike mfuko wa plastiki mkononi, nyani watakunyang'anya.

Mtanga: Asanteni sana. Kesho Leshan, keshokutwa Wannian, na kukicha kweupe naunganisha hadi juu. Viatu je?

Bi Mkubwa: Raba zenye meno. Ngazi zile ni za mawe na zimeota kuvumwani, mimi nilishuka nimeshikilia ukuta kwa mikono miwili.