Darasa la tano limenishinda, nipo Newala. Naombeni ushauri

Binti_Chaki:
Shikamooni wakubwa. Wenzangu, poleni na kazi.

Mimi ni ajira mpya, huu ni mwezi wangu wa nne kazini, nafundisha shule ya msingi huku Newala vijijini. Kwetu ni Bukoba. Nina Hisabati darasa la tano: watoto 87, madawati 23, wengine wanakaa chini mbele ya ubao, nikirudi nyuma hatua moja nakanyaga daftari la mtu.

Wiki iliyopita nilikuwa nimegeukia ubao naandika sehemu, robo tatu kujumlisha nusu, likaja bibo, tunda la mkorosho, kutoka nyuma likanipata mgongoni. Blauzi nyeupe. Wenyeji mnalijua doa la bibo, halitoki hata ufueje. Darasa likaangua kicheko, mmoja akatupia neno la Kimakonde wakacheka upya. Kuna kijana mkubwa anakaa nyuma, nikamsimamisha mbele ya wenzake: "Ni wewe!" Akaniangalia tu. Nikawatoa wote nje wakapiga magoti juani hadi kipindi kikaisha.

Kesho yake mambo yakawa mabaya zaidi. Hata wasichana wa mbele waliokuwa wananisikiliza wakaninunia. Sauti imekauka kwa kupiga kelele, na mwalimu mkuu anasema nishike fimbo. Chuoni saikolojia tuliikariri, lakini kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa watoto 40 na msimamizi amekaa nyuma. Nifanyeje?

Kiboko_Masasi:
Chapa dada. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Ukiwachekea watakupanda kichwani.

Ticha_Kilwa:
Kiboko, usimponze mwenzako. Kanuni za 2002 ziko wazi: anachapa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na vinaandikwa kwenye daftari la adhabu. Huyu ana miezi minne kazini. Akimuumiza mtoto wa mtu, wewe utakuwa Masasi umelala.

Binti Chaki, acha kushindana nao kwa sauti. Watoto 87 wana mapafu 174, huwawezi. Mimi napiga makofi kwa mdundo, wao wanaujibu. Wakijibu mara mbili wamenyamaza wenyewe, maana mtu hawezi kupiga makofi ya mpangilio huku anapiga soga. Huku kusini mtoto anazaliwa na ngoma masikioni, wataudaka siku ya kwanza. Ukipiga, subiri. Usianze kuongea kumi wakiwa bado wananong'ona, ukianza umewafundisha kwamba si lazima kukusikiliza.

Pili, waingie wakute hesabu tatu ziko ubaoni tayari. Fujo nyingi huzaliwa zile dakika tano mwalimu anapotafuta chaki. Na usisahihishe madaftari 87 kila siku, utakufa. Sahihisha safu mbili kwa siku, waliobaki wabadilishane.

Embe_Bichi:
Bibo moja tu mwalimu? Mimi Nanyumbu nilirushiwa embe, tena bichi.

Mama_Mstaafu:
Marahaba mwanangu, na pole. Nimeshika chaki miaka 34, Nachingwea na Ruangwa.

Upole wako hauna tatizo. Tatizo ni kuwapigisha magoti watu 87 kwa bibo la mtu mmoja. Wale wasichana wa mbele walikuwa wako, ukawapeleka mwenyewe upande wa pili.

Sasa huyo kijana. Nina hakika ametoka jandoni, kama si mwaka huu basi mwaka jana. Kwao alichezewa ngoma, akavishwa nguo mpya, akaambiwa sasa wewe ni mwanamume. Halafu anakuja mwalimu binti anamsimamisha mbele ya wasichana. Hata kama kosa ni lake, hapo atakufa na lake moyoni. Mtoto wa namna hiyo unamwita pembeni, mnaongea mmesimama, kisha unampa kazi yenye heshima: agawe madaftari, ahesabu waliopo.

Akiendelea, usihangaike kumwita baba. Huku kwetu, Wamakonde, Wamwera, Wayao, mwenye neno kwa mtoto tangu zamani ni mjomba. Baba atakuja, ataitikia kwa adabu, ataondoka, na wewe utabaki na yaleyale. Muulize mtoto, "Mjomba wako ni nani?" Utaona anavyobadilika uso.

Na jifunze salamu za Kimakonde. Ukikosea watacheka, cheka nao.

Mkulima_Tandahimba:
Mimi ni mzazi, si mwalimu. Msimu huu wa korosho watoto wetu wanaamka alfajiri kuokota kabla ya shule. Siyo sifa, nasema hali ilivyo. Hicho kipindi chako ni saa ngapi?

Binti_Chaki:
Saa saba mchana.

Mkulima_Tandahimba:
Basi hapo hata mimi ningekurushia bibo. Njaa na usingizi, halafu robo tatu kujumlisha nusu! Omba ubadilishane na mwenzako wa asubuhi, hata mpaka minada ya korosho iishe.

Binti_Chaki:
Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili.

Makofi yanafanya kazi, ila siku ya kwanza waliyanogesha hadi mwalimu wa darasa la sita akaja kuchungulia dirishani. Kipindi nimehamishiwa saa tatu. Korosho nilijaribu kuzitumia kufundishia sehemu. Nilitoa 24, zikarudi 15, sasa natumia vifuniko vya soda.

Mjomba sikumwita. Kabla sijafika huko, msichana mmoja mdogo wa safu ya tano alinifuata ofisini analia. Bibo lilikuwa lake. Alimrushia mwenzake wa mbele, likapita. Yule kijana alijua siku zote na hakumtaja.

Sasa nataka kumwomba radhi. Mama, nimwite pembeni kama ulivyosema?

Mama_Mstaafu:
Ulimsingizia wapi?

Binti_Chaki:
Mbele ya darasa zima.

Mama_Mstaafu:
Basi na radhi iwe hapohapo. Maneno machache, sauti ya kawaida, na huyo binti usimtaje. Ukimaliza, geukia ubao uendelee na sehemu.