Naomba ushauri: taarifa inasema maji ni salama, bombani klorini hakuna

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo, hasa kwa mliopo kwenye maabara za maji au udhibiti.

Mamlaka inayotuletea maji hutoa taarifa za ubora, na majibu ni mazuri kila mara: E. coli (bakteria wa kinyesi) hakuna, klorini ya kutosha. Shida ni kwamba sampuli zote huchukuliwa kwenye mtambo na tangi kuu. Sisi tuko mwisho kabisa wa bomba, tena kwa mgao. Maji yakirudi hutoka na rangi ya chai kwa dakika kadhaa, ndipo yanasafika. Nimepima kwa vidonge vya DPD (hugeuza maji kuwa ya pinki kukiwa na klorini), hata dalili ya pinki hamna. Ninavyofahamu, Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru (ile iliyobaki majini ikiwa bado na uwezo wa kuua vijidudu) isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochota. Na bomba likikosa presha, uchafu wa nje hunyonywa kupitia nyufa.

Sasa, nikipeleka sampuli yangu maabara, mdhibiti ataipokea au atasema sikufuata utaratibu? Najua chupa iwe imetakaswa, iwe na thaiosalfeti ya kuondoa klorini, ikae kwenye ubaridi na ifike ndani ya saa 24. Au nianze na barua ya kudai orodha ya vituo vya sampuli? Na kipimo changu cha klorini kina uzito wowote, maana hicho hupimwa papo hapo, hakisubiri maabara?

Kuchemsha tunachemsha, hilo msihangaike kunishauri.