Wapiga plasta mlioko Uingereza, chokaa na wolputi ya nyumbani huku inaitwaje?

NgoshaLeicester

Wakuu habari za wikiendi. Nina shida na ukuta. Mwaka jana tulinunua kanyumba hapa Leicester, zile za matofali mekundu zilizobanana mstari mmoja, makaratasi yanasema ilijengwa 1898. Chumba cha mbele plasta ilikuwa imechoka nikabomoa ukuta ule wenye bomba la moshi la zamani, nikasema mimi mtoto wa fundi wa Mwanza nitashindwaje, karai nimebeba toka darasa la tano. Nikachukua simenti na mchanga, nikakoroga moja kwa nne kama nyumbani, nikapiga lipu, nikavuta rula, ukuta ukanyooka hadi wife akapiga picha akamtumia mama mkwe.

Wiki ya tatu ukuta una nyufa kama ramani ya mito, alama ya maji imepanda toka chini mpaka usawa wa goti, na ukigonga kwa ngumi sehemu nyingine unalia ko ko ko kama debe tupu. Mama mkwe kila akipiga simu anaulizia ukuta.

Sasa nataka kurudia na vitu sahihi ila sijui ninunue nini. Ile wolputi nyeupe, ya kulainishia ukuta kabla ya rangi, siioni, chokaa ukiitafuta kwenye simu unaletewa ndimu, na dukani kuna mifuko ya plasta aina kibao na majina yanafanana. Mnatumia nini?

MwikoNaMaji

Pole mkuu. Niko Birmingham, hii ndo kazi inayonilisha mwaka wa kumi na moja sasa. Kwanza nikuulize, mchanga ulikuwa wa njano laini ukiuminya mkononi unashikana? Kama ndo huo basi ulichukua mchanga wa kujengea tofali, una udongo ndani, ukikauka unasinyaa ndo hizo nyufa. Wa plasta mfuko wenyewe unaandikwa "plastering sand", ukiusugua kiganjani unakwaruza. Ukiwa na wasiwasi fanya kama mafundi wa nyumbani, tia kwenye chupa na maji tikisa acha usiku, asubuhi angalia tope la juu lina unene gani.

Mifuko iko hivi. Hawa jamaa huku ndani wanatumia jipsamu, ule unga wa plasta unaoganda ukiingia maji, simenti kwa kiasi kikubwa ni ya nje. Thistle Hardwall ni ya kujazia kwenye tofali linalokunywa maji, Bonding ni ya ukuta usiokunywa maji kama zege, na MultiFinish ile ya pinki ndo skimu, yaani tabaka jembamba la mwisho la kulainisha, ndo ndugu yake wolputi yako. Mfuko wa kilo 25 unatosha kama mita za mraba 10 ukipiga milimita 2. Unga unaingia kwenye maji, sio maji kwenye unga, na ndoo iwe safi kabisa maana mabaki ya mkorogo wa kwanza yanafanya wa pili ugande upesi. Angalia na tarehe ya mfuko, wa zamani utakugandia mkononi hujamaliza hata nusu ya ukuta. Rangi usipake mpaka kahawia yote ya unyevu iishe ukuta uwe pinki iliyopauka, na mkono wa kwanza ongeza maji kwenye rangi, la sivyo itabanduka kama ngozi ya chatu.

LAKINI usiipige kwenye ukuta wako huo saa hizi. Jipsamu na unyevu haviivi chungu kimoja. Hilo bomba la moshi lilizibwa? Kama wameziba juu na chini bila kuacha tundu, hewa haipiti, na ile chumvi ya masizi ya makaa iliyoingia kwenye tofali miaka yote hiyo inavuta unyevu inautoa ukutani.

Halafu kama dari lako lina mawimbi mawimbi ya zamani usiliguse na msasa kabla halijapimwa, hayo yanaweza kuwa na asbesto, huku imepigwa marufuku kabisa 1999 tu.

BintiMkunazini

Ngosha, kaka yangu, hapo tatizo ni simenti yenyewe, hata ungepata mchanga mzuri. Nyumba ya 1898 ukuta wake ni tofali tupu toka nje mpaka ndani, hauna ule uwazi wa katikati wa nyumba za siku hizi. Maji yanaingia kidogo yanatoka kidogo, ndo maisha yake. Wewe umeuvisha koti la mvua kwa ndani.

Kwetu Unguja tumeliona hili. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, watu walipoanza kuzitengeneza kwa simenti maji yakabaki ndani ya ukuta, simenti inabanduka na kipande cha ukuta. Babu yangu alikuwa akipita akiona fundi na mfuko wa simenti pale anasonya tu.

Kwa hiyo tafuta chokaa, ila usichukue ule mfuko wa chokaa nyeupe unaouzwa pembeni ya simenti, ule ni wa kulainishia mkorogo wa simenti wa kujengea tofali. Unayotaka imeandikwa NHL 3.5, ni chokaa ya unga inayoganda ikikutana na maji, au chokaa iliyolowekwa inakuja kwenye ndoo kama siagi. Maduka ya kawaida mengi hawaweki, kuna wanaouza chokaa peke yake, unaagiza inaletwa na gari. Vaa miwani na glavu, chokaa ikiingia jichoni si mchezo.

Mkwawa_Houston

Huku Texas mnavyohangaika hatuelewi 😂 ni mabodi ya jipsamu tu na ndoo ya plasta ya kuzibia maungio iliyokwisha korogwa. Ya unga inaandikwa 20, 45 au 90, ni dakika za kuganda. Mimi nilichukua 20 siku ya kwanza, ikagandia kwenye ndoo, ndoo ikaenda na maji.

MwikoNaMaji

Dada Mkunazini yuko sahihi, nimejibu haraka. Ila Ngosha ujue chokaa ni ya subira, mkono mmoja unasubiri siku kadhaa kabla ya mwingine, na hela inazidi. Kuta za ndani zilizo kavu maliza na pinki tu, usijitese.

NgoshaLeicester

Wakuu mmenifungua macho. Mchanga ulikuwa wa njano, laini kama unga wa sembe, na mimi nikausifia! Jana nimepasua karatasi ya ukutani chini pale palipokuwa na moto, nimekuta bodi imepigiwa misumari, hakuna hata tundu la panya. Nikaitoa, ikateremka ndoo nzima ya masizi na mifupa ya njiwa, na ndani pananuka kisima. Nje nako bustani ya jirani imepandishwa udongo umepita mstari wa chini wa matofali, hiyo itabidi niende na chapati nikaongee naye vizuri.

Simenti naanza kuitoa Jumamosi. Mkunazini, chokaa naiweka moja kwa mchanga mbili au tatu? Na mwiko wa mzee niliokuja nao toka Mwanza unafaa, au chokaa ina mwiko wake?

BintiMkunazini

NHL moja kwa mchanga mbili na nusu, ule wa kukwaruza. Mwiko huohuo. Tofali lilowanishe kwanza, na usiwashe hita kuukausha.