Naomba ushauri: rafiki wa binti yangu anaitwa "mkimbizi" shuleni

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tabora mjini, binti yangu yuko kidato cha tatu, bweni. Rafiki yake mkubwa anatoka Ulyankulu. Babu na bibi wa huyo mtoto walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Yeye na wazazi wake wamezaliwa hapa hapa, na familia ina vyeti vya uraia vya mwaka 2014, ule mwaka ambao watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya zamani ya wakimbizi, kama Ulyankulu, walipewa uraia wetu.

Lakini bwenini anaitwa "Mrundi". Wanamuuliza atarudi kwao lini, kwamba watu wa kwao kazi yao ni kulima tumbaku za wenzao. Hata Waha wa Kasulu wanasemwa hivyo hivyo, kisa Kiha na Kirundi vinakaribiana.

Kinachoniuma zaidi ni mwanangu. Naye ameanza kutaniwa, sasa anakaa mbali na mwenzake. Likizo hii mtoto wa watu hakuja kwetu, na alikuwa kama wangu.

Nilitaka kwenda kwa mwalimu wa malezi. Mama yake kanisihi niache, anaogopa binti yake ataandamwa zaidi.

Walimu na wazazi mliomo humu, naweza kumwona mwalimu bila kumtaja mtoto? Na huyu wangu niseme naye vipi, arudi kwa rafiki yake kwa moyo wake mwenyewe na si kwa kuniogopa mimi?